Mafuta ya Mkia

Jumanne, 3 Juni

Mchungaji amesema niandike. Wiki iliyopita nilimrushia mteja kulabu ya nyama kwa sababu alisema nauza mbuzi mzee nikimwita kondoo. Kulabu ilimkosa sikio, ikadunga mlango. Kumbe mteja mwenyewe ni mzee wa kanisa. Basi mchungaji akaniita, akanipa daftari na kuniambia, Kisemei, hasira ikipanda shika kalamu kabla hujashika kitu kingine, na usiandike uongo. Nimeshika kalamu. Hasira iko palepale, lakini mlango umepumzika.

Baridi ya Kitengela imeingia. Upepo unatoka uwanda wa Athi, unapiga mabati, na kila mtu anakohoa. Kwangu huu ni msimu mzuri. Bucha ni nyingi hapa mjini, lakini watu wa kwetu wanajua mkia wa kondoo wa Kisemei. Unayeyusha mafuta, unayanywa yakiwa na joto, kifua kinafunguka. Majirani zangu Wakamba wanachemsha tangawizi na ndimu huku wakinicheka, halafu jioni wanamtuma mtu aje kuniuliza kwa sauti ya chini kama mafuta yamebaki.

Alhamisi, 5 Juni

Mafuta yaliisha kabla ya mchana. Sikupiga mtu.

Jumatatu, 9 Juni

Ledama alikuja bucha na video kwenye simu. Ledama ni rika langu, tulitahiriwa pamoja, na ndiye ananiletea kondoo kutoka minada ya Kajiado. Kwenye video kuna mwanamume analia, mkono umelegea, na sauti inasema ni chanjo ya homa ya mafua iliyomfanya hivyo. Hakuna aliyejua huyo mtu ni wa wapi. Hata hivyo video ilizunguka meza zote, na kila aliyeiona aliongeza lake: wengine walisema wasichana watakuwa tasa, wengine wakasema ni majaribio tu na sisi ndio panya.

Kilichowasha moto ni kliniki ndogo iliyo nyuma ya soko. Imebandika tangazo kwamba inachanja watoto wadogo na wazee wasipate homa. Anayechanja ni Sista Ndanu, mwanamke mwembamba, sauti yake kubwa kuliko mwili. Wanaume tuliokuwa pale tukakubaliana kwamba mtoto wa kwetu hadungwi. Homa dawa yake inajulikana.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu hivyo hivyo. Kakenya alikuwa anamvisha Soipan soksi, hakuniangalia. Soipan ndiye mtoto wetu wa pekee, alikuja baada ya mimba mbili kuharibika, na juzi tu ndio ameanza kutembea. Akisikia pikipiki yangu anasema "Ba" na kukimbilia mlango mpaka anaanguka. Kakenya hakujibu kitu, nami nikachukua kimya chake kuwa ni kukubali.

Ijumaa, 13 Juni

Nakohoa mimi mwenyewe tangu jana. Nimekunywa kikombe kizima. Soipan amelala kifuani pangu jioni yote, amenipakaa mate.

Jumatatu, 16 Juni

Soipan anakohoa. Pua inatiririka, mwili una joto. Kakenya alitaka tumpeleke kliniki, nikasema mafuta kwanza.

Nilimlaza mapajani, nikabana miguu yake kwa magoti, na kwa vidole viwili nikambana pua. Ndivyo Yeyo, mama yangu, alivyotufanyia sote nyumbani, na mama yake alimfanyia yeye. Mtoto akibanwa pua hufungua mdomo atake asitake, unamimina. Soipan alipigana. Sikujua mtu mdogo hivyo ana nguvu hizo. Alipaliwa, macho yakamtoka, mafuta mengine yakarudi, nikamimina tena. Kakenya alisimama mlangoni ameziba masikio. Mtoto aliponyamaza na kulala nilimwambia, unaona?

Jumanne, 17 Juni

Asubuhi na jioni. Sasa akiona kikombe anatambaa chini ya kitanda, nami namvuta kwa mguu. Kakenya ameniambia nina roho ya jiwe. Nimemwambia jiwe ndilo linalojenga nyumba.

Jumatano, 18 Juni

Hajapona. Kikohozi kimekuwa cha ndani, na akivuta pumzi mbavu zinaingia. Nilikuwa nayeyusha mafuta mengine Kakenya aliposimama kati yangu na jiko.

"Baba Soipan, kuna kitu sijakuambia," akasema. "Alhamisi iliyopita nilimpeleka kwa Sista Ndanu. Alidungwa ile ya homa."

Nilimpiga. Mchungaji alisema nisiandike uongo, basi ndivyo ilivyokuwa: nilimpiga kofi, akaangukia meza, nikampiga tena akiwa chini. Nilivunja redio. Nilivunja kiti alichonipa kaka yake. Soipan alikuwa anaangalia, hana hata pumzi ya kulia. Na katikati ya fujo hiyo yote nilihisi nafuu, kama mtu aliyetua gunia. Sasa nilijua ni nani aliyemgonjwesha mtoto wangu.

Alhamisi, 19 Juni

Nilimpigia Ledama, na Ledama akapigia wengine. Tulipofika kliniki tulikuwa umati, wengi wao sijawahi kuwauzia hata mfupa. Askari wa mlango alijaribu kufunga geti, mtu akampiga jiwe la kichwa, akaketi chini akishika damu.

Sista Ndanu alikuwa anamhudumia bibi mzee. Alitoka na glavu mikononi. Nilimwambia amemwekea mtoto wangu sumu. Nilitarajia akimbie, lakini alinitazama usoni na kuniuliza mtoto yuko wapi.

"Chanjo haileti homa, baba," akasema. "Lakini kama anapumua vibaya tusibishane. Mlete saa hii. Na kama kuna kitu mmempa nyumbani, niambie ni nini."

Nilikumbuka kikombe aliposema hivyo, na nikamchukia kwa sababu hiyo. Ledama akapiga kelele nyuma yangu, eti mwanamke anauliza maswali badala ya kujibu. Basi hapo kukaharibika. Walivunja dirisha. Ledama na wawili wengine walipindua friji, na vile vichupa vidogo vikamwagika sakafuni, wakavikanyaga kwa viatu kama watu wanaoua siafu. Bibi mzee alitambaa chini ya benchi. Ndanu alirudi kusimama mbele ya kabati la dawa, amepanua mikono, na mimi ndiye niliyemtoa.

Nilimshika mkono mmoja, nikauzungusha nyuma. Kazi yangu ni kuvunja viungo vya kondoo. Najua kiungo kinakataa wapi na kinakubali wapi, na nilipofika pale kinapokataa sikuacha. Mlio wake naujua, nausikia kila asubuhi. Hakupiga yowe. Alikaa chini na kutapika.

Mtu akasema polisi, tukatawanyika. Nilipitia nyumbani, nikamtoa Soipan mgongoni kwa mama yake. Kakenya alining'ang'ania shati mpaka likachanika, jicho lake moja limefura na kufunga kabisa. Nilimsukuma. Ledama alitungoja na pikapu, akatufikisha kwa Yeyo, mbele ya mji wa Kajiado, mbali na lami.

Jumamosi, 21 Juni

Yeyo alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia sumu ya sindano lazima isukumwe itoke. Alichagua kondoo dume mnene kwenye zizi, nikamchinja mwenyewe. Alichemsha magome ya olkiloriti pia, yale tunayotia kwenye supu. Yeyo anashika miguu, mimi nashika kichwa.

Soipan hakupigana leo. Yeyo alisema ni dalili nzuri.

Jumapili, 22 Juni

Midomo yake ina rangi ya maini. Yeyo haimbi tena anapomtikisa. Nimempa kidogo tu.

Jumatatu, 23 Juni

Kakenya amekuja. Aliteremka kwenye lami na kutembea peke yake mpaka bomani. Yeyo alimsalimu, "Takwenya," na ingawa alikuwa na jicho moja na vumbi mpaka magotini, Kakenya aliitikia "Iko" kwa adabu, akainama aguswe kichwani kwa baraka. Kisha akachukua rungu lililoegemea mlango.

Nilikuwa nimempakata mtoto, kikombe kiko karibu. Nilimwambia aweke rungu chini. Alinipiga hapa penye bega, mfupa ukavunjika, mkono wangu ukaanguka kama si wangu. Alimchukua Soipan kabla hajateleza. Niliinuka kumfuata, akanipiga kwenye goti. Yeyo alikuwa amesimama mlangoni amepanua shuka.

"Yeyo, nipishe," Kakenya akamwambia. "Nakuheshimu, lakini nitakupiga."

Yeyo alipisha. Kakenya akageuka kunitazama pale chini, hana hata hasira usoni.

"Akikufia mkononi nitakuua, Kisemei. Nitakungoja hata miaka, lakini nitakuua."

Alikwenda karibu kukimbia, mtoto kifuani. Nilimfuata nikichechemea mpaka barabarani, na mwenye lori la mchanga akatubeba sote bila kuuliza.

Jumanne, 24 Juni

Hospitali, Kajiado. Soipan ana mpira puani na mashine inamhesabia pumzi.

Jana Kakenya alipopelekwa kutazamwa jicho, daktari aliniuliza mimi. Ni kijana mpole anaitwa Hillary. Aliuliza mtoto amepewa nini tangu augue, dawa yoyote, hata ya kienyeji. Nilimwambia hakuna kitu, alidungwa sindano ya homa na ndiyo iliyomharibu. Nilisema hivyo nikimwangalia machoni. Akamtibu nimonia ya kawaida.

Kakenya walimlaza usiku kwa jicho hilo; aliporudi asubuhi hii aliulizwa swali lilelile, akasema mafuta ya kondoo, na akaonyesha kwa vidole jinsi pua ilivyobanwa. Daktari aliweka kalamu chini. Alitoka akaenda kuongea na wenzake, wakapiga picha ya kifua upya, ndipo akaniita nione. Alisema mafuta yaliingia kwenye njia ya hewa kila mtoto alipopaliwa.

"Tumbo linajua kusaga mafuta, mzee. Mapafu hayajui. Mafuta yanakaa tu pale."

Nilimuuliza, na sindano je? Akanieleza polepole, kama anayemwonyesha mtu njia. Kwamba ile chanjo haina kirusi kilicho hai cha kumpa mtu homa. Inaweza kumpa joto kidogo, au paja likauma, siku moja au mbili. Na haianzi kumkinga mtoto mara moja, inachukua kama wiki mbili, kwa hivyo homa aliyoipata hapo katikati aliipata kwa mtu. Akauliza ni nani nyumbani alikuwa anakohoa. Alisema homa yenyewe, kwa mtoto mwenye afya hivyo, pengine ingeisha kwa kumnyonyesha, maji ya kutosha na kumwangalia kwa karibu.

Nilimkamata kola kwa mkono ulio mzima, nikamwambia ni mwongo, wote ni wamoja na yule mwanamke wa Kitengela. Walinzi walinitoa nje. Nilikaa kwenye nyasi, nikakohoa mpaka machozi yakatoka.

Ijumaa, 27 Juni

Soipan amefariki.

Kakenya alimwosha mwenyewe, hakuruhusu mtu amguse. Mimi nilisimama karibu na dirisha. Nilitaka amalize ahadi yake pale pale, na nilikuwa tayari, lakini alipita kando yangu kama anayepita nguzo.

Polisi walinikuta getini. Sikukimbia.

Jumatano, 2 Julai

Niko nje kwa dhamana ili nizike. Sista Ndanu amefanyiwa upasuaji, ametiwa chuma mkononi. Nilituma watu wakamwombe msamaha. Kaka yake, Maundu, aliwarudisha kutoka mlangoni na kusema dada yake atanisikiliza kortini, siku atakayopanda kizimbani, na hadi wakati huo asione hata kivuli changu.

Kliniki haijafunguliwa tena. Hakuna anayetaka kufanya kazi humo.

Ijumaa, 4 Julai

Tumemzika kwa Yeyo. Upepo ulikuwa unarusha vumbi kwenye mdomo wa kila anayeomba.

Ledama aliomba kusema machache kama rafiki wa familia. Alisema mtoto huyu ameuawa na sindano, na kila mzazi aliye hapa akirudi nyumbani akumbuke kaburi hili. Watu wakaitikia kwa uchungu. Mwanamume mmoja akasema nyumba ya yule muuguzi inajulikana iko wapi, na wengine wakasema afadhali waende leo. Mchungaji aliwatuliza kwa shida.

Wote walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema neno moja. Lakini lilikuwa jambo tamu kuwa baba aliyeuliwa mtoto, kila mtu ananishika mkono, Yeyo anaegemea kwangu akilia. Nilifunga mdomo. Kakenya alikuwa upande wa pili wa kaburi. Alinitazama muda mrefu, akiningoja. Halafu akafunga leso yake vizuri, akawaambia kaka zake waende, na wakaondoka naye kwenda kwao Loitokitok.

Jumanne, 15 Julai

Nimefungua bucha. Baridi imezidi na watu wanakohoa vibaya. Wananipa pole kisha wanaulizia mafuta. Nauza. Nikikatia mtu mkia naangalia kisu, simwangalii yeye. Ledama amechukua mkia mzima kwa sababu kijana wake mdogo, Lemein, ameanza kukohoa. Nikamfungia kwenye karatasi, nikamwambia pole.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali hapa Kitengela, na damu iliyo kwenye shati si yangu yote.

Asubuhi nilienda kwa Ledama kuona kondoo aliowaleta. Sijashuka pikipiki nikasikia ule mlio. Asiyewahi kumfanyia mtoto hivyo hawezi kuujua, ni kilio kilicho na kitu kooni. Mlango ulikuwa wazi. Ledama amekaa kwenye kigoda, Lemein amebanwa kati ya magoti, vidole puani, kikombe mdomoni. Mkewe Yvonne ameshika miguu.

Nilipiga kikombe kikaruka, nikampiga Ledama ngumi ya mdomo, jino likanichana kidole. Aliinuka akanigonga kwenye mfupa aliouvunja Kakenya na kwa muda sikuona chochote. Tulipigana chumba kizima. Tuliangusha jiko, makaa yakasambaa, tukabingirika juu yake bila kuyasikia. Aliniuma sikio. Nilimshika koo, nikamgonga kichwa sakafuni, nikimwambia unamuua, unamuua, naye akinitemea damu usoni.

"Mafuta ni yako," alisema alipopata pumzi. "Si umeniuzia wewe?"

Nilimwachia koo. Hapo ndipo tulipomsikia Yvonne akiita jina la mtoto tena na tena. Lemein alikuwa ameacha kukohoa. Midomo yake ilikuwa rangi ninayoijua.

Niliwasha pikipiki, Ledama akapanda nyuma na mtoto kifuani, na tukakimbilia mahali pa karibu, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Tulisimama mbele ya kliniki ya Sista Ndanu. Ilikuwa na mnyororo na kufuli. Vioo bado viko chini, hakuna aliyefagia. Ledama aliruka akaanza kupiga mlango kwa ngumi, akiita sista, sista, sauti imekatika. Nikamwambia arudi apande pikipiki. Humo hamna mtu, na ni sisi tuliohakikisha hivyo.

Hapa hospitali kubwa tulimkuta daktari mwanamke mlangoni, akampokea mtoto akitembea. Aliuliza kama amepewa kitu chochote nyumbani.

Ledama aliangalia sakafu. "Hakuna kitu," akasema. "Ni homa tu imezidi."

Namjua Ledama tangu utotoni, na uongo ule niliujua zaidi kuliko ninavyomjua yeye. Daktari alikuwa ameshageuka.

"Mafuta ya kondoo," nikasema. "Leo na pengine jana. Alibanwa pua, yameingia kwa mapafu. Yametoka kwa bucha yangu."

Alisimama. Aliniangalia damu, sikio, mkono niliouning'iniza, akaniuliza nina hakika gani.

"Wangu nilimuua hivyo," nikamwambia.